Nati ya Shaba

Muhonja wa Umoja hakuwa mtu wa kuchokozwa, na jambo hilo ulilijua kabla hujalijua jina lake. Makanga mmoja wa matatu aliwahi kumbamiza na mlango wa gari kwenye barabara ya Outer Ring, kisha akamcheka. Muhonja alinyanyuka, akapanda baiskeli yake, akalifuata lile gari hadi lilipokwama kwenye foleni, akamshusha makanga kwa kola na kumtandika kwa pampu ya upepo mbele ya abiria wake. Abiria walipiga makofi. Nauli walikuwa wameshalipa, hawakuwa na haraka.

Mume wake, Nalianya, naye alimzaba kofi siku moja kwa ajili ya mboga iliyozidi chumvi. Alijibiwa kwa mnyororo wa baiskeli. Alikwenda kulia kwa wazee wa kwao kwamba ameoa mwanamke hatari, na wazee, waliokuwa wakijua alivyokuwa akiwapiga wake zake wa nyuma, wakamwambia mkuki kwa nguruwe mtamu. Alihama na redio yake, akamwachia Muhonja binti mmoja, Lorine, na amani ya nyumba.

Tusimsingizie Muhonja, hata hivyo. Alikuwa mtu wa kanisa, sauti ya pili kwenye kwaya. Alikuwa na kazi katika kiwanda kimoja cha sabuni Industrial Area, kazi ya kusimama siku nzima akikata miche, na mikono yake ilikuwa imepauka kwa magadi. Alikuwa akimlisha jirani akikosa. Ila alikuwa akiamini, kama unavyoamini jua litachomoza, kwamba mtu akikukosea dawa yake ni kumkosea zaidi, hapo hapo, watu wakiona. Na kwa kuwa kila alipofanya hivyo alishinda, hakuna aliyemfundisha vingine.

Baiskeli yake ilikuwa ya mashindano, ya zamani, ya chuma chembamba, usukani wake umejikunja kama pembe za kondoo dume. Aliinunua sokoni Gikomba ikiwa mtumba, enzi za usichana wake, na ilikuwa imezeeka pamoja naye. Tairi za saizi yake zilipokosekana Nairobi nzima, fundi Opicho wa Umoja alimtilia rimu ndogo kidogo kuliko zile za mwanzo. Tangu hapo breki za kawaida hazikufika. Ilibidi ziwe za mikono mirefu, aina inayopatikana kwa bahati. Opicho alimtafutia, akazifunga, na nyuma ya foki, ule uma wa chuma unaoshika gurudumu la mbele, akakaza nati ya shaba iliyong'aa. "Mama Lorine," akamwambia, "hii nati nimekuwekea wewe peke yako. Hapa Umoja hakuna mwingine anayo." Muhonja alifurahi mno. Kila Jumamosi aliisugua kwa majivu.

Jumapili moja mwizi alikuja kanisani wakati kwaya ikiimba. Hakuigusa baiskeli, kwa sababu ilikuwa na mnyororo. Alifungua tu ile nati, akachomoa breki ya mbele nzima, akaenda zake. Muhonja alitoka na kitabu cha nyimbo mkononi, akaona waya unaning'inia, akatukana tusi ambalo mchungaji alijifanya hakulisikia.

Kesho yake alikwenda kazini na breki ya nyuma tu, nayo ilikuwa ya kubembeleza. Kwenye mteremko mkokoteni wa kabichi ukamkatia njia. Alivuta breki, akaburuza soli ya kiatu chini, akaingia kwenye kabichi kichwa kichwa. Mvuta mkokoteni alimpiga ngumi ya mdomo kabla hajasimama vizuri, yeye akampiga kabichi ya uso, na wakatandikana hadi watu wakawatenga. Alifika kiwandani mdomo umepasuka, sketi imechanika, na moyoni akisema jambo moja: nikimpata aliyenichomolea breki, nitamla mzimamzima.

Alipopata nafasi alikwenda Majengo, kwa Jimale.

Jimale alikuwa akiuza spea za baiskeli kwenye duka dogo la mabati, jirani na mahali ambapo Batulo, mkewe, alikaanga sambusa. Alizaliwa hapo hapo Majengo, mrefu, mpole, na kila kitu alikifanya polepole kiasi cha kumuudhi Muhonja.

"Mama Lorine, umepotea sana. Mdomo umefanya nini?"

"Kabichi. Nipe breki ya mbele."

"Breki ziko nyingi. Unataka ya aina gani?"

"Ya kusimamisha baiskeli."

Jimale hakubishana. Alichukua kijiti cha ufagio, akakiweka kwenye tundu la foki ambamo bolti ya breki hupita, akakishusha hadi kwenye rimu, mahali raba inapotakiwa kuuma. Akakivunja hapo. Kijiti hicho ndicho kilichokuwa kipimo chake. Kisha akatoa breki na kuzipanga juu ya gunia, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ilikuwa mpya, nyepesi, inang'aa, bado iko kwenye karatasi. Muhonja aliishika papo hapo.

"Hiyo weka chini," Jimale akasema. "Mikono mifupi. Raba itauma tairi badala ya rimu, na tairi likiliwa litapasuka ukiwa kwa barabara. Halafu nati yake ni ya kisasa, inajificha ndani ya foki. Tundu la foki yako ni la kizamani, jembamba. Tukilipanua, foki itakatika siku moja, na wewe utaanguka na meno."

Ya pili ilikuwa ya chuma kitupu, nzito, ina kutu pembeni, lakini mikono yake ilifika mwisho wa kijiti bila kupungua. "Hii haina sura," Jimale akasema, "lakini itakufikisha nyumbani."

"Imezeeka kuliko mimi."

"Ndiyo maana inatoshea."

Muhonja alikunja uso. Alichuchumaa, ile nzito mkono mmoja na ile mpya mkono mwingine, akisita kati ya urembo na usalama kama mtu yeyote. Ndipo kijana mmoja akafika na baiskeli ya kijani kibichi, akaiegemeza karibu naye, akaomba kuuziwa tyubu.

Aliitwa Austine. Alikuwa akiwasambazia wenye maduka vifurushi kwa baiskeli, na mkoba wake wa kazi ulikuwa mgongoni. Muhonja hakuyajua hayo. Alichokiona, kwa kuwa alikuwa amechuchumaa na macho yake yalikuwa sawa na magurudumu, ni breki ya mbele nyeusi kama yake, na nyuma ya foki, nati ya shaba.

Damu ilimpanda. Ile nati alikuwa ameisugua kwa majivu kwa mikono yake. Angeapa mbele ya mchungaji kwamba ni yake.

"Wewe, hii breki umetoa wapi?"

"Niaje mathe. Gani, hii yangu?"

"Nimekuuliza umeitoa wapi."

"Nilibuy baiki ikiwa nayo."

"Kwa nani?"

"Msee fulani wa Umoja."

Kusikia Umoja ndiko kulikomaliza. Muhonja alimshika kola. Kijana alicheka, kicheko cha mtu asiyejua afanye nini, akautoa ule mkono taratibu na kuishika baiskeli yake aondoke. Angejua asingecheka. Muhonja aliona mtu aliyemwibia Jumapili, aliyemvunja mdomo Jumatatu, sasa anamcheka. Akavuta pumzi ya kwaya, ile ya kutoka tumboni, akapaza sauti kwamba huyu ni mwizi, mwizi wa breki.

Mtu yeyote wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, anajua neno hilo linafanya nini. Ukilitoa Majengo soko likiwa limejaa, hulirudishi tena mfukoni. Na yale maneno mengine mawili, "wa breki", hakuna sikio lililoyapokea. Walisikia mwizi, ikatosha.

Wa kwanza alimpiga Austine teke la goti kwa nyuma, akapiga magoti. Wa pili alikuwa na ubao wa kreti wenye misumari. Baada ya hapo hukuweza tena kuwahesabu. Walitoka kwenye vibanda vya nguo, kwenye viatu, kwenye mihogo, wengine wakakimbia na bidhaa mkononi wakiogopa kuchelewa. Kijana alisema mara kadhaa, "Si mimi, walai si mimi," kisha jiwe likampata taya na hakusema tena. Walimvua shati. Mkoba wake ulipasuliwa, vifurushi vya watu vikagawanywa na hao hao waliokuwa wakimpiga kwa wizi. Mwanamume mmoja mwenye kofia nyekundu alimpita Muhonja akihema, akamwambia kwa upole kabisa, "Pole mama, tutakusaidia," kisha akamkanyaga kijana usoni.

Muhonja alisimama. Hakuwa amelitaka hili. Alikuwa ametaka kumpiga yeye mwenyewe, makofi mawili matatu, achukue breki yake aende. Alizoea ngumi inayojibiwa na ngumi. Hapa palikuwa na mtu mmoja chini na soko zima juu yake, na hakuna aliyemuuliza mwenye mali kama imetosha.

Ndipo Jimale alipotoka dukani mbio, kwa mara ya kwanza maishani mwake, amebeba droo. Aliimwaga miguuni pa Muhonja. Zilikuwa breki kuukuu, na kila moja ilikuwa na nati ya shaba.

"Angalia," akasema. "Hii Opicho. Hii Opicho. Hii pia Opicho. Anazitoa kwa jiko za gesi zilizokufa. Kila breki inayopita kwa mkono wake anaiwekea hiyo. Umoja nzima iko nazo."

"Aliniambia ni yangu peke yangu."

"Anaambia kila mtu." Jimale akamshika bega na kumgeuza aitazame baiskeli ya kijani, iliyokuwa imelala ubavu. "Na angalia mikono. Ni mifupi, mama. Kwako ingefikia wapi?"

Muhonja aliangalia. Kweli ilikuwa mifupi, kwa karibu nusu kidole. Alikuwa amechuchumaa hapo, kijiti cha kipimo mbele yake, na hakupima. Kuna mtu alikuwa anauawa kwa sababu ya sauti yake, na sauti hiyo ndiyo pekee iliyoweza kumwokoa, kwa kuwa mwenye mali akikanusha hupunguza moto. Alijua pia jambo la pili, kama sisi sote tunavyolijua. Anayekanusha huachiwa ile hasira iliyobaki.

Aliogopa. Huyu mwanamke wa pampu na mnyororo aliogopa kweli. Kisha akaanza kusukuma watu.

"Si yeye. Nimekosea. Mwacheni, si mwizi."

Walio nje walimsikia, wakamtazama kwa chuki. "Amehongwa," mmoja akasema. "Wewe si ndiye umetuita? Sasa unatucheza?" Mwingine alikuwa tayari amefika na tairi kuukuu la gari begani, na mwenye kofia nyekundu alikuwa akiuliza nani ana petroli. Muhonja alimpiga kiwiko cha shingo, akapita chini ya mkono wake, akaanguka juu ya yule kijana na kumfunika kwa mwili wake wote.

Ubao uliokuwa unakuja ulimpata yeye mgongoni. Kisha mateke. Alijikunja, akakificha kichwa cha kijana kifuani, na kila pigo lilipotua alisema si mwizi, si mwizi, hadi akakosa pumzi ya kusemea. Alinyoosha mkono wa kushoto kuzuia jiwe, akasikia mfupa unakatika. Chini yake kijana alikuwa akipumua kwa mlio wa maji. Muhonja alimuomba Mungu mlio huo usikome. Hakuomba kitu kingine.

Kilichowaokoa ni karai. Batulo, mkewe Jimale, mwanamke mfupi ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alikuja amelishika kwa matambara mawili, mafuta ya sambusa yanachemka ndani, moshi unapanda.

"Nani hajaoga leo?" akauliza.

Waliokuwa mbele walirudi nyuma, wakawasukuma waliokuwa nyuma, na mmoja aliyedhani anatania alimwagiwa kidogo kwenye kiatu, akalia kama ng'ombe. Katika nafasi hiyo Jimale aliwaburuta wote wawili hadi ndani, akateremsha mlango wa chuma. Mawe yaligonga mabati kwa muda. Halafu soko likarudi kwenye kazi zake.

Austine hakufa. Jicho la kushoto liliharibika kabisa, na taya lake madaktari walilifunga kwa waya. Muhonja alitiwa plasta mkononi, akashonwa mgongo. Kesho yake alipoweza kutembea alikwenda wodi ya wanaume, akaketi kando ya kitanda cha kijana, hajui amekuja kusema nini.

Hapo ndipo mama yake Austine alipomkuta. Maurine alikuwa mfanyakazi wa kibarua kutoka mtaa wa Mukuru kwa Reuben, mwembamba, bado amevaa aproni ya kiwandani. Alikuwa na chupa ya uji. Aliutazama ule mkono wenye plasta, akaiweka chupa chini, akamkumbatia Muhonja kwa nguvu hadi nyuzi za mgongo zikamuuma.

"Wameniambia kuna mama alilala juu ya mtoto wangu. Ni wewe? Dada yangu, mimi sina cha kukupa. Kunywa uji."

Alimmiminia. Muhonja alikishika kikombe. Hospitali nzima hakuna aliyejua zaidi ya hapo, na kijana hakuweza kusema. Angeweza kunywa, akabarikiwa, akaenda nyumbani. Watu wengi wema wangekunywa.

"Mimi ndiye nilimwita mwizi," akasema. "Nilidhani breki yake ni yangu. Haikuwa yangu."

Maurine alikichukua kile kikombe kutoka mkononi mwa Muhonja, akaurudisha uji ndani ya chupa, akakaza kifuniko. Muhonja alingoja apigwe. Angependa apigwe. Pigo angelijua la kulifanyia.

"Uliita ukiwa umesimama wapi?" Maurine akauliza.

"Nje ya duka la spea, Majengo."

"Na walisikia."

"Soko lote."

"Basi enda pale pale. Wasikie tena. Huyu akitoka hapa atarudi kubeba vitu vya watu huko, ndiyo kazi anajua. Siku mtu atakumbuka sura yake aseme ni yule mwizi, hawatamwacha tena. Wewe hutakuwa hapo umlalie." Alimgeukia mwanawe na kumfunika miguu. "Sitaki pole yako. Enda uwaambie."

Plasta ilikuwa bado mkononi Muhonja aliporudi Majengo, akiisukuma baiskeli yake kwa mkono mmoja. Jimale alichukua ile breki ya chuma, nzito, yenye kutu, akaifunga, akaikaza kwa nati ya kawaida, akavuta waya na kuupeleka kwenye mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto haungefaa kwa muda mrefu. Akalizungusha gurudumu, akabonyeza. Gurudumu likasimama pale pale.

"Iko sawa," Jimale akasema.

Muhonja aliitikia kwa kichwa, akatoka nje, akasimama mahali alipokuwa amesimama siku ile. Akavuta pumzi ya kutoka tumboni.

"Watu wa hapa, nisikilizeni. Yule kijana mliyempiga hapa hakuwa mwizi. Jina lake ni Austine. Mimi ndiye nilimsingizia."

Wachache waligeuka. Mwanamke wa mihogo alimtazama kisha akaendelea kumenya. Msukuma mkokoteni alimwambia asogee. Muhonja alirudia, kwa sauti kubwa zaidi, na alipoona hakuna anayesimama aliingia vibandani, akaanza na kile cha karibu, cha mashati ya mtumba. Mwenye kibanda alikuwa amevaa kofia nyekundu. Alikuwa akikunja kola za mashati kwa uangalifu sana. Hakumtambua.

"Karibu, mama. Nikupimie gani?"

"Nimekuja kukuambia kuhusu yule mliyempiga hapa nje. Hakuwa mwizi."

Mwanamume alifikiri, shati mkononi. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa akijitahidi kweli kukumbuka.

"Yupi, mama? Wa simu ama wa viatu?"

"Wa breki."

"Wa breki," alirudia, akatikisa kichwa. "Huyo simkumbuki."

Muhonja alisimama hapo kidogo. Kisha akahamia kibanda cha pili, akamsalimu mwenyewe, akamwambia kuna kijana anaitwa Austine.